Bosi Haogopi Mashine

4 Machi

Dada,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na yule fundi wa paa amerudi au bado anakula kiapo kwamba atakuja kesho? Huku mimi mzima, wifi yako mzima, na duka langu la kunyoa lipo palepale, kati ya duka la dawa na muuza matairi. Ningekupigia, lakini najua utasema simu hukatika kabla hujamaliza kugomba.

Tumetoka hospitali. Habari ulizipata nusunusu, basi nakupa nzima. Mwanangu alikuwa na wiki tatu. Asubuhi alikataa ziwa, mchana akawa wa moto, jioni akalegea mikononi mwa mama yake kama nguo iliyoloa, kisha degedege. Utosi ulikuwa umevimba. Walimchoma sindano mgongoni kutoa maji ya uti wa mgongo, mimi nikaambiwa nisubiri nje, nikasubiri nimeshika soksi yake moja. Walipopima walisema ni virusi, vimeingia kwenye ubongo. Dawa ya kuviua virusi vya aina hiyo hakuna. Walimpa hewa, dripu na dawa ya kuzuia degedege, wakasema mwili wake ndio utakaopigana. Umepigana, Dada! Mtu mwenye ngumi ndogo kuliko limau.

Uliuliza nani alimwambukiza, na kama ni kweli mama yake alimpeleka sokoni mapema. Nakujibu mara moja ili tusirudie. Daktari amesema virusi hivyo kwa mtu mzima ni mafua madogo au tumbo la kuharisha, na anayevibeba huenda hata asijijue. Anaweza kuwa mimi, anaweza kuwa jirani, anaweza kuwa yeyote aliyembeba akamwambia mtoto mzuri. Kwa hiyo mke wangu usimguse kwa hilo, wewe wala mtu mwingine.

Wakati wa kutoka yule daktari aliongeza maneno. Eti tumrudishe akifika miezi mitatu, tena sita, tena mwaka, na kuendelea, kwa sababu ubongo ulioungua huweza kuonyesha makovu baadaye. Mtoto ananyonya, analia, ananikojolea shati. Makovu gani? Sitaki mwanangu aandikwe mgonjwa kabla hajaota jino. Amepona. Nimesema amepona, na atakayesema vingine atanitambua.

Tunamwita Bosi, kwa jinsi anavyokunja uso.

Mdogo wako,
Kinyozi


21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, limezeeka kwa haki yake. Paa linavuja bado. Fundi amehamia kwa mjane wa nyumba ya pili na sidhani anachotengeneza kule ni paa. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikilia, ya pili nikikasirika.

Nianze na wifi. Sikumlaumu, niliuliza. Lakini umenijibu vizuri, mume anapaswa kujibu hivyo. Mpe salamu, umwambie nimenyamaza.

Sasa hilo lingine. Kila mstari umeandika amepona, amepona. Nani kasema, daktari au wewe? Daktari kasema arudi. Aliyepona kabisa haambiwi arudi mpaka afike mwaka.

Unajua nimefundisha darasa la kwanza mpaka vumbi la chaki likaniingia mapafuni. Kila mwaka walikuja wawili watatu wa namna hiyo. Mmoja hawezi kushika penseli. Mwingine anatazama mdomo wangu badala ya ubao. Mwingine anaduwaa katikati ya wimbo, akizinduka hajui tumefika wapi. Ukiwauliza wazazi: "Mwalimu, huyo ni mzembe tu, akiwa mchanga aliugua homa kubwa lakini akapona." Miaka yote hiyo hakuna aliyemtazama, kwa sababu alipona! Wengine walichapwa kwa uzembe ambao haukuwa wao. Roho iliniuma wakati ule na inaniuma sasa.

Mficha maradhi kilio humfichua. Mrudishe mtoto kwa tarehe aliyopewa. Mimi nitakuja Aprili kumwona, goti likiniruhusu.

Dada yako


12 Julai

Dada,

Shikamoo sana, na unisamehe kimya. Ni kazi. Nimeweka kioo kipya kinachofika darini, na kiti cha kuzunguka nilichokipata kwa kinyozi aliyestaafu. Kinazunguka upande mmoja tu, lakini kinazunguka. Wifi yako yuko zamu ya asubuhi kiwanda cha sabuni, kwa hiyo Bosi anashinda na mimi dukani, ndani ya kikapu, chini ya rafu ya mafuta ya nywele. Wateja wanampenda kuliko wanavyonipenda mimi. Halii ovyo. Redio inapiga kelele, muuza matairi anagonga vyuma, watu wanabishana mpira, yeye amelala kama mwenye nyumba. Akina mama wanaoleta watoto wao wananionea wivu.

Sasa nikupe hii. Jumamosi nilimnyoa kwa mara ya kwanza, duka limejaa. Unajua watoto: mashine ikiwaka tu, kabla haijagusa kichwa, mtoto anaruka, anapiga yowe, mama anavuta huku, mimi navuta kule. Tangu nianze kazi hii sijaona mtoto mchanga asiyeshtuka mashine ikikaribia sikio. Bosi je? Nimemkalisha kwenye paja la mteja, nimewasha mashine nyuma yake, nimepitisha kisogoni, nimezunguka sikio la kushoto, nimezunguka la kulia. Hata jicho hakupepesa! Aligeuka tu ilipomtekenya shingo. Duka zima likapiga makofi. "Mtoto wa kinyozi huyo!" "Jasiri!" Mzee mmoja akatangaza kwamba huyu ni mwanajeshi, aandikishwe mapema. Nimetembea na sifa hizo wiki nzima, kifua mbele, utadhani nimenyolewa mimi.

Ulisema Aprili. Goti vipi?

Kinyozi


20 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Hongera kwa kioo. Nilitaka kuja Aprili, goti likakataa. Sasa nasema Agosti.

Sitauliza habari za kliniki, maana barua nzima hukuigusa, na mwenye macho haambiwi tazama. Nauliza moja tu. Wewe mwenyewe umeandika hujawahi kuona mtoto asiyeshtuka. Umemwona mmoja, ukapiga makofi. Jasiri ni anayejua kuna kitu cha kuogopa. Huyo ana miezi sita, anaijulia wapi mashine hata aidharau?

Fanya hivi. Akiwa macho, mama yake amkalishe na kumwonyesha kitu. Wewe simama nyuma, mbali kidogo, asikuone, uangushe mfuniko wa sufuria. Usimwite, usipige mguu chini. Tazama macho yake. Kisha niandikie ulichoona, si ulichotaka kuona.

Dada yako


18 Agosti

Mdogo wangu,

Posta haijafungwa. Nimekwenda kuuliza.

Dada yako


6 Septemba

Dada,

Umefurahi?

Nisamehe. Shikamoo. Naanza upya.

Barua yako niliichana. Kisha nikaokota vipande nikaviunga kwa gundi, kwa sababu sikukumbuka kama ulisema mfuniko au sufuria yenyewe. Nikafanya Jumapili mchana. Wifi yako alimkalisha kwenye blanketi akimwonyesha kijiko, mimi nikasimama mlango wa jikoni, nikauachia mfuniko. Paka wa jirani aliruka ukuta. Wifi yako alishtuka, naye alikuwa anajua. Bosi aliendelea kutazama kijiko.

Nikaangusha tena. Nikakimbia dukani kuchukua mashine, nikaiwasha nyuma ya sikio hili, kisha lile. Akacheka, kwa sababu aliniona kwenye kioo cha kabati. Alicheka vizuri sana, Dada, na mimi nimeshika mashine inayolia, sijui niiweke wapi.

Nikamwambia mke wangu, "Labda ana nta."

Akasema, "Kaa chini."

Kumbe alimrudisha kliniki alipofika miezi mitatu, akamrudisha tena miezi sita, akitoka zamu, bila kuniambia. "Ulikuwa unasema amepona kwa sauti kubwa," akasema. "Neno langu sikuwa na pa kuliweka." Kipimo cha masikio alikuwa ameshakipangia siku. Nikafunga duka, tukaenda wote.

Mtoto akilala wanambandika nyaya kichwani, wanampigia milio, na kompyuta inachora kama ubongo umeipata. Sikio la kulia karibu hakuna kitu. La kushoto linapata kidogo, tena mlio mkubwa sana. Na mkono: nilikuwa nikimwambia kila mtu kwamba Bosi atatumia kushoto kama babu. Hakuchagua kushoto. Wa kulia ni dhaifu, unamgomea. Ndiyo hayo makovu.

Nikauliza: atazungumza? Atatembea? Atasoma? Daktari akasema kutembea anatarajia atatembea, ila atachelewa. Mengine hajui na hataki kunidanganya. Ubongo wa mtoto bado unajijenga, akasema, tukianza sasa tunausaidia kutafuta njia nyingine. Na degedege likirudi tusingoje hata dakika, tumlete. Nilitaka kumpiga. Halafu nikataka kumshukuru. Sikufanya lolote, nikambeba Bosi mgongoni tukaondoka.

Haya, umeshinda. Andika sasa.

Kinyozi


15 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba. Sikushinda. Laiti ungeniandikia kwamba mimi ni kizee chenye mdomo mrefu na mtoto ameruka kwa ule mlio, ningeibandika barua hiyo ukutani kila mgeni aisome.

Mshike wifi mkono kwa niaba yangu. Huyo ndiye mtu nyumbani kwako.

Nimefikiri na nimeamua. Mleteni kwangu. Nyumba ni kubwa, kimya, nimestaafu, sina mume wa kunisumbua. Nyinyi bado vijana, mtapata wengine. Dukani kwako kuna watu, na watu wana midomo: wataanza kuuliza ana nini, anaambukiza au haambukizi, mama alikula nini akiwa na mimba. Kazi yako ni kupendezesha watu, hawatapenda kukaa na ugonjwa. Akae huku asionekaneonekane mpaka atengemae, na mimi nitamfundisha taratibu kama nilivyofundisha wengine. Watu wa huku nimewaambia tu kwamba mtoto hajambo. Chumba cha nyuma nimeshaanza kukipaka rangi.

Usinijibu kwa hasira. Nilikulea wewe tangu mama alipofariki, na hukuharibika sana.

Dada yako


2 Novemba

Dada,

Shikamoo. Hapana.

Nilingoja hasira ishuke kama ulivyoagiza. Haikushuka, basi nakuandikia nayo.

Wewe ndiye uliyeniambia mficha maradhi kilio humfichua. Lilinichoma, nikalikubali. Leo unapaka rangi chumba cha nyuma! Kwani huko si kuficha? Ulinifungua macho ili nikuletee mtoto umfungie? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, Dada. Na hao "wengine" tutakaowapata, wakija watamkuta kaka yao nyumbani.

Midomo unayoiogopa imeshasema. Wiki jana alikuja mteja wangu wa siku nyingi, mwenye gereji, na binti yake. Akaona vifaa vya kusikilizia tulivyopewa hospitali, masikioni mwa Bosi, akaninong'oneza, eti kwa nini nisimweke kwa ndani, watoto wa watu wasije wakachukua. Nilikuwa nimemnyoa nusu. Nikazima mashine. Nikamwambia, na sikunong'ona, kwamba virusi vilikwisha tangu mwezi wa pili, kilichobaki ni kovu, na kovu haliambukizi. Nikamwambia pilipili asiyoila inamwashia nini, na kama inamwasha mlango ule pale, nusu kichwa ni bure. Akabaki amekaa na shuka shingoni, anajitazama kwenye kioo, upande mmoja bwana harusi, upande mwingine kichaka. Wakati huo binti yake ameshapiga magoti kwenye kikapu anampa Bosi kitana. Baba mtu akasema, "Malizia, bwana." Nikamalizia. Aliaga watu wote isipokuwa mimi. Hajarudi, na asirudi.

Siku hiyohiyo nilikitoa kikapu chini ya rafu nikakiweka dirishani, panapoonekana tangu barabarani. Anayetaka kutazama atazame mpaka ashibe.

Sasa nikuambie kazi tunazofanya. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ametuonyesha kumvalisha soksi mkono wa kushoto kwa muda mfupi, ili wa kulia upate kazi. Anakasirika, anatutukana kwa lugha yake, halafu vidole viwili vya kulia vinaanza kujikokota. Nampa brashi ya povu aiminye, povu linakwenda kila mahali isipokuwa kwenye ndevu za mteja. Vifaa vya masikio anavivua na kuvionja. Na tumeambiwa tusisubiri asikie ndipo tuzungumze naye, tuanze leo kwa mikono, kwa lugha ya alama kama viziwi wanavyoongea. Tuna maneno matatu: maziwa, njoo, basi. Wateja nao wameyashika. Muuza matairi akisema maziwa utadhani anakaba mtu, lakini Bosi anamwelewa.

Sijui ataelewa mangapi. Huenda shule ikawa ngumu kwake, huenda degedege likarudi. Naogopa kila siku, nakuambia wazi. Lakini nitaogopa nikiwa naye hapahapa, si kwa barua.

Na wewe? Ulisema Aprili. Ukasema Agosti. Unajua kila kitu juu yake na hujamshika hata siku moja. Hata jina lake hujaliandika, kwako ni "mtoto", ni "huyo". Anaitwa Bosi. Ukitaka kumlea, njoo umlee mbele za watu. Ukishindwa, nitaendelea kukuheshimu kwa posta.

Mdogo wako,
Baba Bosi


9 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Usidhani kimya hiki kilikuwa hasira. Mwanzoni kilikuwa hasira, kisha kikawa masomo.

Nilipomaliza barua yako nilikwenda chumba cha nyuma nikakaa juu ya ndoo ya rangi. Nilikusudia kukujibu kwamba huna adabu. Huna, kweli. Lakini goti langu halina kosa, linapanda ngazi za posta kila wiki. Niliogopa. Wale watoto wa darasani walikuwa wa watu, kengele ikilia nawarudisha kwao. Wa damu yangu nitamrudisha kwa nani? Nilijua yote ya kufanya mradi niko mbali. Sasa umejua, usinisimange.

Chumba nimempangisha mwanafunzi wa ualimu. Anakoroma.

Upande wa pili wa soko kuna shule ya watoto viziwi. Nimeipita miaka yote nikienda kununua vitunguu. Nikaingia. Nikamwambia mwalimu mkuu nimekuja kujifunza, yeye akadhani nimekuja kujitolea, akaanza kunishukuru. "Mwalimu," nikamwambia, "sikuja kusaidia. Nimekuja kuandikishwa." Jumatatu nikawekwa darasa la kwanza. Mimi! Dawati la nyuma kwa ajili ya urefu, magoti yanagonga mbao. Jirani yangu ni msichana asiye na meno ya mbele na asiye na huruma. Nikikosea ananikamata vidole, anavikunja inavyotakiwa, kisha anapandisha macho juu kama mimi nilivyokuwa nikifanya. Sasa najua nilivyowaudhi wanafunzi wangu.

Kuna mmoja darasani, mkono wake mmoja hauna nguvu. Mwalimu ameniambia aliugua ubongo akiwa mchanga, kama wetu. Anaongea kwa mkono mmoja na wenzake wanamwelewa. Kusoma anachelewa, hesabu zinamtoa jasho, siku nyingine anachoka analaza kichwa mezani na hakuna anayemsumbua. Juzi alinichora na masharubu. Nilicheka, kisha nikatoka nje nikalia, kisha nikarudi kudai aniongezee kofia.

Wanawake wa mtaani wakauliza mzee mzima anafuata nini shule ya viziwi. Ulimi ulikuwa tayari kusema naenda kumsalimia mtu. Nikauzuia. Nikasimama katikati ya njia na kikapu changu, nikasema kwa sauti yangu ya darasani: "Mdogo wangu ana mtoto anaitwa Bosi. Aliugua ubongo akiwa wa wiki tatu, hasikii vizuri, mkono wake mmoja dhaifu, na mimi najifunza lugha yake. Kuna swali?" Jioni mmoja wao alibisha hodi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama shule hiyo inapokea watoto wa miaka mitano, ana mjukuu ndani. Nikamwambia aniulize tena kwa sauti ya kawaida. Akauliza. Kesho yake tulikwenda watatu.

Nakuja Ijumaa ijayo, na tiketi ninayo. Nitakaa mpaka wifi aseme basi, kwa mdomo au kwa mkono. Maneno ninayo mengi, mengine ya utani ambayo jirani yangu wa dawati amenionya nisiyatoe mbele ya wakubwa.

Usimwambie Bosi kwamba shangazi yake anakuja. Nitamwambia mwenyewe.

Dada yako